Mwalimu wa tuisheni asiye na shule: nitamjuaje kama anafaa?

SWALI: Assalaam aleikum mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha tatu na hesabu zinamshinda. Muhula uliopita alipata D. Darasani kwao wako wengi na mwalimu wao hana nafasi ya kukaa na mmoja mmoja. Jirani ameniletea kijana anayefundisha nyumba kwa nyumba. Kazi yake ni hiyo tu, hana shule. Baba yake mtoto anasema mwalimu asiye na shule lazima ana kasoro. Nawe nasikia kazi yako ni hiyo hiyo. Naomba uniambie, mwalimu wa namna hii awe amesomea nini, na akikaa na mtoto afundishe vipi, nipate kujua kwamba pesa zangu haziendi bure? (Mama wa binti, Kisauni)

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Nianze na neno la baba yake, kwa sababu ana haki ya kuuliza, na mimi mwenyewe nimeulizwa hivyo katika sebule nyingi za Mombasa. Kutokuwa na shule si kasoro wala si sifa. Nchini mwetu walimu waliohitimu ni wengi kuliko nafasi zinazotangazwa na TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu, kwa hivyo kijana anaweza kumaliza shahada ya ualimu, akasajiliwa, akawa na kila cheti, na bado akangoja miaka. Mwingine amestaafu na nguvu bado anazo. Mwingine alikuwa na kazi yake shuleni akaiacha kwa hiari, na mimi ni mmoja wao. Nilisomea ualimu wa hesabu na kemia, nikafundisha sekondari hapa pwani. Kilichonitoa darasani ni kwamba kazi niliyoipenda hasa ilikuwa ile ya dakika chache baada ya kengele, mtoto mmoja anapobaki na daftari lake akasema, "Mwalimu, hapa ndipo ninapopotea." Shuleni dakika hizo hazitoshi. Nikaamua ziwe ndiyo kazi yangu ya kutwa.

Kwa hivyo usimuulize kijana kwa nini hana shule ukakomea hapo. Muulize alisomea masomo gani, alifundisha wapi mara ya mwisho, na ni nani wa huko anayeweza kumzungumzia. Akikujibu bila kuzungukazunguka, umeshapata nusu ya unachotaka.

Kuifanya kazi hii kutwa kuna faida ambayo wazazi wengi hawaioni. Mwalimu wa shule anajua makosa ya watoto wa shule yake. Mimi leo niko Tudor, kesho nimevuka feri niko Likoni, keshokutwa niko huko kwenu Kisauni. Watoto hao wanatoka shule mbalimbali, wana walimu mbalimbali, na wanakwama pale pale. Ukishakaa na wengi wao unajua kwamba anayesema matrisi zinamshinda mara nyingi ameshindwa na namba hasi, na anayelia na trigonometria hajapata kuelewana na sehemu, zile za nusu na robo, tangu shule ya msingi. Unakuja nyumbani kwa mtu ukiwa na picha ya mahali pa kutafuta. Tena unakuja ukiwa na nguvu, si umesimama mbele ya madarasa tangu asubuhi ukamfikia mtoto saa moja usiku na sauti imekauka.

Ipo na hatari yake, na ni vizuri uijue kabla hujatoa hata shilingi. Mwalimu wa tuisheni anakula kwa tuisheni. Kodi yake ya nyumba inategemea binti yako aendelee kumhitaji. Aliye mwaminifu atakwambia mwanzoni kabisa anataka kumfikisha mtoto wapi na kwa muda gani, na atakuwa tayari muda huo ukifika mkae mpime. Asiyetaka kuzungumza habari ya mwisho wa kazi yake, mimi ningemwogopa kuliko asiye na shahada.

Sasa vyeti. Kwa mtoto wa kidato cha tatu nataka mtu aliyesomea somo lenyewe na aliyesomea kulifundisha: shahada au diploma ya ualimu, hesabu ikiwa moja ya masomo yake. Mwombe namba yake ya usajili wa TSC. Mwalimu aliyesajiliwa haoni haya kuitoa. Mwombe pia cheti cha polisi cha maadili mema, kinachotolewa na DCI, idara ya upelelezi, kwa maombi ya eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Usione kama unamtukana. Unamfungulia mtu mgeni mlango wa nyumba yenye mtoto wa kike, na mwenye akili atakuheshimu kwa kuuliza. Kisha omba namba za wazazi wawili aliowafundishia watoto, uwapigie wewe mwenyewe. Usiwaulize kama mwalimu ni mzuri, maana kila mtu atasema ni mzuri. Waulize mtoto alikuwa hajui nini, akaja kujua nini.

Wako vijana wa chuo kikuu waliopata A ya hesabu wanaofundisha kwa bei nafuu. Kwa mtoto wa gredi ya 4 au ya 5 wanaweza kufaa sana, na watoto huwapenda. Kwa binti yako ningekuwa mwangalifu. Aliyepata A bila kuhangaika mara nyingi hajui njia ambazo mtu hupotea, kwa sababu yeye hakupita huko.

Lakini mtihani mkubwa wa mwalimu si vyeti, na unaweza kumpa hapo hapo sebuleni bila wewe kujua hesabu hata moja. Chukua karatasi ya mtihani wa binti yako wa muhula uliopita, ile yenye alama za wino mwekundu, umpe aisome. Usimwambie aifanye. Mwambie, "Nieleze mwanangu anajua nini." Asiyeijua kazi ataangalia gredi, atatikisa kichwa, atakwambia msingi ni mbovu, tutaanza mwanzo. Anayeijua atainamia yale majibu yenye mkasi, ile alama ya X ya kosa. Atakwambia: hapa alijua njia, akakosea kubadilisha alama ya kutoa, hapa hakulielewa swali, hapa aliacha wazi, nataka kumuuliza kwa nini. Majibu mabaya ndiyo yenye habari za mtoto. Tabibu hakupi dawa kabla ya kukuuliza unaumwa wapi, na mwalimu naye asianze kufundisha kabla ya kuuliza.

Nikuoneshe kwa mfano jinsi kikao cha kwanza kinavyotakiwa kwenda. Nachukua swali dogo la hesabu za biashara: leso imenunuliwa kwa shilingi 400 ikauzwa kwa shilingi 500, faida ni asilimia ngapi? Watoto wengi wa kidato cha tatu hunijibu 20. Hapo mwalimu mwenye haraka huandika kanuni ya faida juu ya karatasi, humwonesha mtoto kwamba jibu ni 25, humpa mengine matano ya namna hiyo, na mtoto huyapata yote kwa sababu kanuni iko mbele ya macho yake. Wote wawili wanafurahi. Wiki ijayo anajibu 20 tena.

Mimi humuuliza, "Umegawanya kwa ngapi?" Anasema kwa 500. "Kwa nini 500?" Ananyamaza, na mimi namwacha anyamaze, simkatizi. Mwishowe anasema, "Kwa sababu ndiyo kubwa." Sasa nimejua. Tatizo lake halina uhusiano na faida. Tangu utotoni amebeba imani kwamba asilimia hutolewa katika namba iliyo kubwa. Sasa namuuliza: mama yako ameingia duka la Biashara Street akatoa shilingi ngapi mfukoni kununua ile leso? Mia nne. Alipoiuza akapata mia zaidi, atakuwa anasema amefaidi mia juu ya ngapi? Juu ya zile alizotoa. Anaiandika mwenyewe, mia juu ya mia nne, anapata 25.

Sijamaliza. Nageuza: leso imenunuliwa kwa 500, ikakaa, ikauzwa kwa 400. Hasara ni asilimia ngapi? Anaandika 20 na safari hii ni sawa. Wengi husimama hapo wakapiga makofi. Mimi nauliza tena, "Kwa nini 500?" Akinijibu "kwa sababu ndizo alizotoa," tumevuka. Akinijibu "kwa sababu ndiyo kubwa," jibu ni sahihi na mtoto bado yuko pale pale alipokuwa, na kama sikuuliza nisingejua kamwe. Kikao kizima kinaweza kuisha kwa leso mbili tu, na mzazi aliyekaa pembeni akaona kama tumecheza. Hatukucheza. Imani iliyokaa miaka mingi imeng'oka, na mada zote zenye asilimia ndani yake, riba, kodi ya mapato, thamani ya mali inayoshuka, zimepata pa kukaa.

Kwa hivyo siku ya kwanza, mama, usisikilize mwalimu anaongea vizuri namna gani. Tazama kalamu iko mkononi mwa nani. Nimekuwa nikiwaambia wazazi hivi kwa muda mrefu na sijaona kipimo kilicho bora kwa mtu asiyelijua somo. Kama katika saa nzima mwalimu ndiye anayeandika na mtoto anatazama na kuitikia "ndiyo, nimeelewa," hilo ni darasa lile lile la shule lililohamia mezani kwenu, na unalilipia mara ya pili. Kama mtoto ndiye anayeandika, anafuta, anaeleza kwa sauti, na mwalimu anauliza "umetoa wapi hii?", basi kazi inafanyika, hata kama inakwenda polepole na mtoto ananuna.

Haya si maneno yangu peke yangu. Mwaka 1984 Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago aliandika habari za watoto waliofundishwa mmoja mmoja, au wawili watatu, na mwalimu wao wenyewe. Mtoto wa kati wa kundi hilo alikuwa mbele ya takriban asilimia 98 ya watoto waliofundishwa kwa njia ya kawaida katika darasa la watu kama thelathini. Wafanyabiashara wa tuisheni wanaipenda sana habari hii. Wanachoruka ni kwamba watoto wale hawakuruhusiwa kwenda mada ya mbele mpaka ile ya nyuma imeiva. Wanaruka pia kwamba mwaka 2011 mtafiti Kurt VanLehn alipozikusanya tafiti nyingi za mambo haya alikuta faida ipo, tena ni kubwa, lakini haifiki nusu ya ile ya Bloom. Na alikuta jambo ambalo mimi naliona kila siku: mafunzo yanayomfuata mwanafunzi hatua kwa hatua, hata yakiwa ya kompyuta, yanakaribia mwalimu wa mtu mmoja, lakini yanayongoja jibu la mwisho ndipo yaseme ndiyo au siyo yako nyuma sana. Kukaa na mtu mmoja hakutoshi. Ni lazima hatua zake zionekane, na haziwezi kuonekana kalamu ikiwa mkononi mwa mwalimu.

Mfano mwingine mfupi, maana huu utaukuta kwenye daftari la binti yako karibu kwa hakika. Mwambie aandike mabano ya x + 3, yote kwa kipeo cha pili, ayafungue. Ataandika x kipeo cha pili jumlisha 9. Ukimwambia amekosea atakariri jibu la sawa, na baada ya likizo litakuwa limemtoka. Mwambie aweke 2 mahali pa x. Upande mmoja 2 na 3 ni 5, mara 5 ni 25. Upande mwingine 4 na 9 ni 13. Mwache azitazame zile namba mbili zinavyogombana. Kisha achore mraba wenye upande wa x na kipande cha 3, agawe ndani vyumba vinne: kimoja x mara x, viwili vya 3 mara x, kimoja cha 9. Anaviona vile vyumba viwili alivyokuwa akivisahau. Dakika kumi, na hukumwambia jibu.

Jambo lingine ambalo huwashangaza wazazi ni kwamba vikao vyangu huanza na karatasi tupu. Hakuna kufungua daftari. Namwambia mtoto aandike yote anayoyakumbuka ya wiki iliyopita, kisha afanye maswali mawili ya mwezi uliopita. Anachukia mwanzoni. Angependa tusome pamoja maelezo, maana kusoma tena maelezo kunampa mtu raha ya kudhani anajua. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima jambo hili: waliosoma tena na tena walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliowashinda ni wale waliokuwa wakijilazimisha kuandika kutoka kichwani. Mtihani wa taifa haufanywi dakika tano baada ya tuisheni. Kijana wako akija kila mara na mada mpya, asizirudie za nyuma, mtoto atakuwa na daftari nene na kichwa chepesi.

Lugha nayo. Watoto wetu wa Mombasa wanaongea Kiswahili nyumbani, madrasa na njiani, na hesabu wanaulizwa kwa Kiingereza. Wengi hawashindwi na hesabu, wanashindwa kuliona swali. Kabla mtoto hajashika kalkuleta namtaka anisimulie swali kwa Kiswahili cha nyumbani kama anavyomsimulia nduguye: nani anafanya nini, tumepewa nini, tunatafutiwa nini. Akishindwa kulisimulia, hakuna haja ya kuanza kukokotoa. Akiweza, mara nyingi nusu ya njia ameshaiona. Mwalimu anayeona aibu kutumia Kiswahili katika hesabu anajinyima chombo kikubwa.

Na mwalimu atumie mambo ya hapa. Kidato cha nne atakutana na grafu za mawimbi za trigonometria, na vitabu humpa x na digrii tu. Mtoto wa Mombasa amekua akiona maji yakijaa na kupwa mara mbili kwa siku. Anajua kwamba maji yakijaa sasa hivi yatajaa tena baada ya saa kumi na mbili na ushei, na kwamba wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa inazidi mita tatu, wakati wa maji mafu inapungua. Muda kati ya kujaa na kujaa ni ule ule urefu wa wimbi kwenye grafu, na nusu ya tofauti ile ni kimo chake. Nimewaona vijana wa Likoni, watoto wa wavuvi, wakilichora wimbi lile bila kuambiwa, wakaniuliza wao kwa nini kitabu hakikuanzia hapo.

Utaniambia: mwalimu, mtoto yuko kidato cha tatu, tukirudi nyuma hivi si tutachelewa? Hesabu ya KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne, ina karatasi mbili za saa mbili na nusu, kila moja alama 100. Karatasi ya kwanza hutoka zaidi katika mada za kidato cha kwanza na cha pili. Ya pili hutoka zaidi katika za kidato cha tatu na cha nne. Kurudi nyuma, basi, ni kwenda kuchukua alama za karatasi nzima. Na kila karatasi ina sehemu mbili: ya kwanza maswali 16 ya lazima, alama 50, ya pili maswali 8 ya alama kumi kumi, achague 5. Mtoto wa D anayezijua vizuri sehemu, namba hasi, asilimia, uwiano na aljebra nyepesi, anaweza kuokota alama nyingi katika yale 16 kabla hajagusa jambo la kutisha. Tena wasahihishaji hutoa alama za njia. Anayeandika jibu peke yake likawa baya hana kitu. Aliyeonesha hatua zake akateleza mwishoni ana kitu. Ndiyo sababu nyingine ya kutaka hatua ziandikwe.

Kuhusu mpango wa nyumbani nitasema kwa kifupi, kwa kuwa mengine unayajua kunishinda. Mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu, inatosha. Kila siku ni kumchosha. Msipange wakati wa madrasa wala msimtoe mtoto huko, atajifunza kuichukia hesabu. Vikao vyangu vingi huwa baada ya Alasiri au baada ya Magharibi, na Ramadhani tunapunguza na kuhamisha, kwa sababu mtoto aliyefunga katika joto letu la Machi hana akili ya kukokotoa saa kumi jioni. Wasomee sebuleni, mlango wazi, mtu mzima akiwa nyumbani. Si chumbani, hata siku moja, hata akiwa mwalimu anayeaminika mji mzima, na hata akiwa mwanamke. Mwalimu mwenyewe ndiye angetakiwa kulidai hilo kabla yako. Ujumbe wa simu upite kwako, usipite kwa binti.

Kiboko, matusi, "wewe mjinga," hakuna. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya kumtesa mwanafunzi, ya mwili au ya kisaikolojia. Na mbali na sheria, mtoto anayeogopa hawezi kukwambia "kwa sababu ndiyo kubwa." Atakwambia "sijui," na mlango umefungwa. Kifungu cha 37 cha sheria hiyo hiyo kinakataza mwanafunzi kufanyiwa tuisheni ya likizo, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Shule ikiwaita watoto likizo kwa malipo, unajua pa kusimama. Mimi wanafunzi wangu likizo huwaacha walale, waende kwa nyanya zao Lamu au Malindi, waogelee. Anayerudi amepumzika ananifaa zaidi.

Moja ambalo watu huona gumu kulisema: mwalimu anayemfundisha binti yako darasani asiwe ndiye unayemlipa kumfundisha jioni. Sisemi ni mtu mbaya. Lakini unamweka mahali ambapo asichokimaliza asubuhi kinamletea pesa usiku, na si haki kumjaribu mtu hivyo. Na yeyote, mwenye shule au asiye na shule, atakayekuahidi A, au atakayekunong'oneza kwamba anaweza kuupata mtihani mapema, mfungulie mlango atoke. La pili ni jinai chini ya sheria ya KNEC, baraza la mitihani la taifa, ya mwaka 2012, na anayeumia ni mtoto, matokeo yake yakifutwa.

Malipo mpatane kwa kikao au kwa mwezi, baada ya kazi. Usilipe muhula mzima mbele. Mkubaliane pia kwamba asipokuja hujalipa, na binti akikosa bila taarifa umelipa, ili pasiwe na kunung'unika. Mpe chai, akipenda, kikao kikiisha na si katikati.

Anza naye kwa wiki nne za majaribio. Katika wiki hizo usitazamie gredi ibadilike, haitabadilika. Tazama mambo mawili. Binti yako anaanza kuuliza maswali? Na ukimwambia akueleze jikoni alichojifunza, wewe usiyejua hesabu, unaelewa hata kidogo? Kama yote ni hapana, mshukuru kijana kwa adabu, mwachane.

Kama ni ndiyo, mna wakati, lakini si wa kupoteza. Binti yako yuko katika kundi la mwisho la 8-4-4, ule mfumo wa zamani wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu: walifanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ya mwisho mwaka 2023, na KCSE yao ni mwaka 2027. Darasa la nyuma yao linafuata mtaala mwingine, kwa hivyo habari ya kurudia kidato si rahisi kama ilivyokuwa kwa kaka zake. Muhula huu wote uende kwa mada za kidato cha kwanza na cha pili, zile tu ambazo karatasi yake nyekundu imezionesha. Kuanzia muhula ujao wapokee mada za kidato cha tatu kadiri shule inavyozifundisha, vikao viwe vya kuziba nyufa. Mwaka ujao, kuanzia muhula wa pili, waanze mitihani ya miaka iliyopita, karatasi nzima kwa saa mbili na nusu, Jumamosi asubuhi kabla jua halijakali, simu ikiwa chumba kingine, na kikao kinachofuata kiwe cha kuyasoma yale yenye mkasi.